Dar es Salaam Ikihamia Ethiopia: Chanya na Hasi Katika Majira ya Nukta

Dar es Salaam iko kwenye latitudo −6.8 na longitudo 39.28. Mtu akinakili namba hizo kwa haraka akakisahau kile kistari kilichotangulia 6.8, mji mzima unahama: unavuka ikweta na kutua kwenye nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, kilomita 1,500 kutoka Kariakoo. Akikiacha kistari hicho mahali pake ila akaongeza kingine mbele ya 39.28, mji unavuka bahari na kuingia jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Akikosea mara mbili kwa mpigo, yaani 6.8 na −39.28, anaangukia maji matupu ya Atlantiki. Tarakimu ni zilezile. Kilichobadilika ni alama mbili tu, na kila alama ikiwa na hali mbili, chanya au hasi, zimepatikana sehemu nne zilizo mbali mbali kabisa.

Hicho ndicho kiini cha somo la majira ya nukta, na ndicho kinachowaponyoka wanafunzi wengi. Tatizo lao halianzii kwenye grafu. Wanafika kwenye grafu wakiwa wameshazoeshwa kwamba hasi ni upungufu: deni la dukani, hasara ya mfanyabiashara, pointi zilizokatwa. Katika hesabu za fedha maana hiyo inafaa sana. Ikihamishiwa kwenye bapa lenye mihimili miwili inaleta vurugu, kwa sababu Dar es Salaam haidaiwi nyuzi 6.8 na mtu yeyote. Kinachosemwa na −6.8 ni kwamba ukianzia ikweta, mji huo uko upande wa kusini, nyuzi 6.8 kutoka hapo. Tarakimu inataja umbali, alama inataja upande. Karibu kila kosa nitakalolijadili linatokana na kuzichanganya kazi hizo mbili, au na kusahau kwamba kuna mtu aliyeamua sifuri iwe wapi.

Bapa lenyewe halina makuu. Chora mstari wa namba uliolala, sifuri katikati, chanya kulia na hasi kushoto; huo ni mhimili wa x. Chora mwingine uliosimama, uukate wa kwanza palepale penye sifuri, chanya juu na hasi chini; huo ni mhimili wa y. Inapokatana ni kitovu, (0, 0). Kila nukta hutambulishwa kwa jozi ya namba, yaani majira yake (moja huitwa jira): ya kwanza inasema umekwenda kulia au kushoto kiasi gani, ya pili inasema umepanda au umeshuka kiasi gani. Mihimili hiyo inaligawa bapa katika robo nne, nazo huhesabiwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa kuanzia ile ya juu kulia.

Ukiifanya longitudo kuwa x na latitudo kuwa y, kila robo inapata wenyeji. Kampala, (32.58, 0.35), ni ya robo ya kwanza, namba zote mbili chanya. Accra, (−0.19, 5.6), ni ya robo ya pili: iko magharibi kidogo ya mstari wa sifuri, lakini kaskazini ya ikweta. Quito, mji mkuu wa Ecuador, (−78.5, −0.2), ni ya robo ya tatu, hasi kwa hasi. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Kigali na Bujumbura zote ni za robo ya nne, x chanya na y hasi. Tema, bandari ya Ghana, inapitiwa na mstari wenyewe wa longitudo sifuri, na nukta iliyo juu ya mhimili haihesabiwi kuwa ya robo yoyote. Sifuri si chanya wala si hasi.

Kwa jambo hili Afrika Mashariki ni darasa zuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtoto wa Berlin hawezi kuona latitudo hasi hata aizunguke nchi yake yote. Abiria wa basi la Kampala kwenda Mbarara anabadili alama ya y akiwa kitini, pale Kayabwe, ambapo watalii hushuka kupiga picha na kuonyeshwa maji yakizunguka ndani ya karai upande huu na kisha upande ule. Maji yale ya karai ni kiini macho, nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuyaathiri. Mabadiliko ya alama ndiyo ya kweli.

Sasa tuulize sifuri ilitoka wapi. Ikweta haikupigiwa kura. Inatokana na dunia kujizungusha, na mtu yeyote mwenye vipimo sahihi angeipata palepale. Longitudo sifuri ni habari nyingine. Dunia haina mahali pa asili pa kuanzia kuhesabu mashariki na magharibi, kwa hiyo ilibidi watu wakae kikao. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington. Kutoka Afrika ilikuwapo Liberia peke yake. Nchi 22 zilikubali mstari upite kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, Uingereza. Ufaransa ilijizuia kupiga kura, na kwa miaka mingi ikaendelea kuhesabu kutoka Paris. Kwenye ramani ya Mfaransa wa wakati huo Greenwich yenyewe ilikuwa upande wa hasi, nyuzi 2.34 magharibi. Accra nayo ingekuwa −2.53 badala ya −0.19. Hakuna jiwe lililosogezwa, hakuna mtu aliyehama nyumba. Namba zilibadilika kwa kuwa anayehesabu alisimama mahali pengine.

Wapo waliojaribu kuikimbia hasi kwa kuchagua sifuri kwa ujanja. Ptolemaio wa Aleksandria, aliyeandika jiografia yake katika karne ya 2, aliweka mwanzo wa longitudo kwenye Visiwa vya Heri, ukingo wa magharibi kabisa wa dunia aliyoijua. Kila mji mwingine ukawa mashariki ya hapo, na hesabu zote zikaenda upande mmoja. Kwenye latitudo hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu habari za mabaharia zilikuwa zimeshamfikishia Rhapta, soko la pwani yetu, lililo kusini ya ikweta. Alilitatua kwa kuandika kwa maneno kwamba mahali fulani ni kusini. Ramani za karatasi hufanya hivyohivyo mpaka leo zikitaja nyuzi pamoja na Kusini au Magharibi, na kistari tunachokiona kwenye simu ni maneno hayo yaliyofupishwa ili mashine iweze kukokotoa.

Ziwa Tanganyika linaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470. Mvuvi wa Kigoma anayepima kutoka kwenye mtumbwi wake ana sifuri yake kwenye uso wa maji, na kila kilicho chini kwake ni hasi: sehemu iliyo chini mita 500 ni −500. Mchora ramani anayepima kutoka usawa wa bahari anaitaja sehemu hiyohiyo kuwa +273. Maji ni yaleyale, shinikizo ni lilelile, samaki ni walewale, lakini kwa mmoja ni hasi na kwa mwingine ni chanya. Wakifika sakafuni watakubaliana kuhusu alama, mmoja akisema −1,470 na mwingine takriban −700, kwa kuwa sakafu ya ziwa hilo iko chini hata ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria halina mambo hayo. Uso wake uko karibu mita 1,134 juu ya bahari na kina chake kikubwa ni kama mita 80, hivyo kwa mchora ramani ziwa zima, juu hadi chini, ni chanya.

Na kama kuna Mswahili anayedhani kuhamisha sifuri ni jambo la wanahisabati tu, atazame saa yake. Anayesema saa mbili asubuhi na anayeandika 08:00 wanataja wakati mmoja kutoka mianzo miwili iliyoachana kwa saa sita. Kikao kilichoanza saa mbili kikaisha saa tano kimechukua saa tatu. Kutoka 08:00 hadi 11:00 ni saa tatu vilevile. Namba ya kila tukio inategemea mwanzo uliochaguliwa, tofauti kati ya matukio haitegemei. Kwenye bapa ni hivyo pia: ukihamisha kitovu alama zinaweza kugeuka zote, lakini umbali kati ya nukta mbili haugeuki.

Mwanafunzi anayesumbuliwa na hasi hana sababu ya kuona haya, maana waliomtangulia walisumbuliwa kwa karne kadhaa. Hesabu zenyewe za namba hasi ni za kale. Wachina walizipanga kwa vijiti vya rangi mbili, vyekundu na vyeusi. Mwaka 628 Brahmagupta wa India aliweka kanuni za kujumlisha na kuzidisha mali na madeni, pamoja na sifuri. Ulaya ilizipokea kwa shingo upande. René Descartes, ambaye bapa hili hupewa jina lake, alipochapisha jiometri yake mwaka 1637 aliyaita majibu hasi ya milinganyo kuwa majibu ya uongo. Michoro yake haina mihimili miwili inayokatana kama tunayoichora sisi, na kwa kawaida alifanya kazi upande wa chanya peke yake. Pierre de Fermat, aliyefika kwenye wazo hilohilo kwa njia yake katika miaka ileile, alikuwa na mpaka huohuo. Nasema haya kwa sababu vitabu vingi humwonyesha Descartes kana kwamba aliamka siku moja na bapa kamili lenye robo nne. Hakuwa nalo.

Tunajua gharama ya kutokuwa nalo, kwa kuwa kuna mfano maarufu. Mwaka 1638 Descartes alijadili mkunjo wenye mlinganyo x³ + y³ = 3axy, ambapo a ni namba chanya. Katika robo ya kwanza mkunjo huo unachora kitanzi kizuri chenye umbo la jani, kinachotoka kwenye kitovu na kurudi hapohapo. Descartes alilipata jani hilo sawasawa, kisha akaamini kwamba linajirudia katika robo zote, majani manne kama petali za ua. Gilles de Roberval naye aliamini hivyo, akauita mkunjo huo ua la yasmini. Jina la kupendeza, nasi wa pwani tungelipenda zaidi, ila ua lenyewe halipo.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulithibitisha hilo bila kukokotoa namba hata moja, kwa kufuata alama tu. Nenda robo ya tatu, ambako x na y zote ni hasi. Namba hasi ikipandishwa kipeo cha tatu inabaki hasi, kwa hiyo x³ + y³ ni hasi. Upande wa pili, x mara y ni hasi mara hasi, yaani chanya, na 3a ni chanya, kwa hiyo 3axy ni chanya. Hasi haiwezi kuwa sawa na chanya. Robo ya tatu yote ni tupu, hakuna jani wala nukta moja. Nenda robo ya pili, x hasi na y chanya. Sasa 3axy ni hasi, na x³ + y³ inaweza kuwa hasi pia, mradi ukubwa wa x uzidi ule wa y. Nukta zipo, lakini hazifungi kitanzi; zinatengeneza mkono unaotoka kitovuni na kwenda mbali bila kurudi. Robo ya nne ina mkono wa aina hiyohiyo. Umbo kamili ni jani moja lenye mikia miwili. Wanahisabati mahiri wa Ufaransa walilikosa si kwa uchache wa akili, ila kwa kuwa walikuwa wakilinakili la robo ya kwanza kwenda kwingine badala ya kuziuliza alama.

John Wallis wa Uingereza alikuwa mmoja wa waliothubutu mapema kutumia majira hasi, katikati ya karne ya 17. Aliyeyatumia kwa uhuru wote ni Isaac Newton. Kazi yake kuhusu mikunjo ya daraja la tatu, iliyotoka mwaka 1704 kama kiambatisho cha kitabu chake cha Opticks, ilitenga aina 72 za mikunjo hiyo, ikichorwa pande zote za mihimili miwili. Kutoka 1637 hadi 1704 ni miaka 67. Hata baada ya hapo ubishi haukuisha. Mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres alichapa kitabu kizima akitaka namba hasi zibanwe zisitumike ovyo. Hakushinda. Nguvu ya picha ilikuwa kubwa kuliko hoja zake, kwa sababu ukishaiona hasi kama upande wa pili wa mstari, huwezi tena kuiita isiyowezekana.

Picha hiyo inalipa zaidi pale tunapofika kwenye kanuni ambazo wanafunzi hukariri bila kuzielewa. Chukua kutoa namba hasi. Kampala iko 0.35, Dar es Salaam iko −6.8. Tofauti ya latitudo ni 0.35 − (−6.8), na kanuni inasema vistari viwili vinageuka kuwa kujumlisha: 7.15. Kwenye ramani hakuna cha kukariri. Kutoka Kampala unashuka nyuzi 0.35 kufika ikweta, kisha nyuzi 6.8 zaidi kufika Dar; lazima ujumlishe kwa sababu sifuri iko katikati ya miji hiyo. Uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo ni karibu kilomita 794 kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwanafunzi aliyetoa 0.35 kutoka 6.8 akapata 6.45 amepoteza kama kilomita 78. Kwa Nairobi na Dar mambo ni tofauti. Zote ziko upande mmoja wa sifuri, −1.29 − (−6.8) ni 5.51, na hapo ndipo tarakimu zinapotolewa kweli. Kanuni ni moja. Mahali sifuri ilipo ndipo panapoamua kama utaona kujumlisha au kutoa.

Hasi mara hasi inayozaa chanya ni kitendawili kwa anayefikiria madeni, maana hakuna anayejua deni mara deni ni nini. Kwenye bapa, kugeuza alama ya x peke yake ni kuiakisi nukta ng'ambo ya pili ya mhimili wa y. Kugeuza alama ya y ni kuiakisi ng'ambo ya mhimili wa x. Kugeuza zote mbili ni kuizungusha nusu mzunguko kukizunguka kitovu. Kuzidisha kwa −1, basi, ni kugeuka nyuma. Anayegeuka nyuma mara mbili anatazama alikokuwa akitazama mwanzo.

Mpangilio wa ukubwa nao unatatanisha. Dodoma ina latitudo −6.17 na Dar −6.8. Mtoto huona 6.8 ni kubwa na kuhitimisha kwamba −6.8 ni kubwa. Kwenye mhimili wa y, kubwa maana yake ni juu zaidi, yaani kaskazini zaidi, na Dodoma ndiyo iliyo kaskazini. Ukubwa wa namba na umbali kutoka sifuri huenda pamoja upande wa chanya tu. Tena tusichanganye alama ya jira na alama ya mwinamo: mstari unaotoka (1, 5) kwenda (4, 2) una mwinamo wa −1 ingawa nukta zake hizo zote ziko robo ya kwanza. Hapo hasi inasema mstari unashuka ukienda kulia, haisemi chochote kuhusu uko robo gani.

Nje ya darasa mambo yanakuwa magumu zaidi, na lawama si ya watumiaji peke yao. Hisabati huandika x kwanza, yaani longitudo kisha latitudo. Ramani za simu huandika latitudo kwanza. Mafaili ya GeoJSON, yanayotumiwa na watengenezaji wengi wa ramani za kompyuta, yanafuata mtindo wa hisabati. Anayehamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuangalia anabadilishana namba pamoja na alama zake. Dar es Salaam, (−6.8, 39.28) kwa mtindo wa simu, ikipinduliwa inakuwa latitudo 39.28 na longitudo −6.8, ambayo ni magharibi ya Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Nairobi ikipinduliwa inazama Mediterania, kati ya Hispania na Algeria.

Mtego mwingine umo kwenye dakika. Latitudo ya Dar kwa mtindo wa zamani ni nyuzi 6 na dakika 48 kusini. Dakika 48 ni 0.8 ya uzi. Fundi anaandika −6, kisha anajumlisha 0.8, anapata −5.2, na mji unaelea baharini mkabala wa Tanga. Alama ya hasi ilipaswa kubeba nyuzi na dakika kwa pamoja: −(6 + 0.8). Miji iliyo ndani ya uzi mmoja kusini ya ikweta ina tatizo baya kuliko hilo. Kisumu iko nyuzi 0 na dakika 5 na ushee kusini. Programu inayohifadhi nyuzi kama namba kamili inajaribu kuandika −0, na kwa namba kamili −0 ni 0 tu. Alama inapotea kabla ya dakika kuingizwa, na Kisumu inapandishwa kilomita 20 kaskazini hadi vilima vya Vihiga. Nakuru, Nyeri, Masaka na Mbarara ziko kwenye hatari hiyohiyo. Mtengeneza programu wa Ulaya anaweza asiione hitilafu hii maisha yake yote kwenye latitudo, kwa kuwa kwao hakuna mji ulio karibu na ikweta.

Halafu kuna sifuri ya uvivu. Fomu isiyojazwa mara nyingi huhifadhiwa kama 0 na 0, na hivyo shehena, ajali na wateja wa dunia nzima hurundikana kwenye nukta moja ya Ghuba ya Guinea, pale kitovu cha ramani kilipo. Wachora ramani wamepaita kwa utani Null Island. Kisiwa hakuna, kilichowekwa hapo ni boya la kupimia hali ya hewa na bahari.

Kwa kuwa alama ni rahisi kupotea, wapimaji wa ardhi wameamua kuizima. Mfumo wa gridi unaotumiwa katika upimaji wetu, ule wa UTM, unaigawa dunia katika kanda za nyuzi 6, na Dar es Salaam na Nairobi ziko kanda ya 37, ambayo mstari wake wa katikati ni longitudo 39. Kwa haki Nairobi, iliyo magharibi ya mstari huo, ingekuwa na x ya takriban −243,000 kwa mita. Mfumo unaongeza 500,000 kwa kila nukta, na Nairobi inasomeka 257,000. Kusini ya ikweta y ingekuwa hasi pia, kwa hiyo inaongezwa 10,000,000, na y ya Nairobi ya takriban −143,000 inakuwa 9,857,000. Kistari hakionekani popote. Ni ujanja wa Ptolemaio uliovaa suti, na kwa kazi ya porini ni ujanja mzuri: mpimaji aliyechoka anayesoma namba kwa redio hana kistari cha kusahau. Bei yake inalipwa Nanyuki na kwingineko ikweta inakopita. Ukitoka kaskazini y inapungua hadi 0, na hatua moja mbele, ukifuata gridi ya kusini, inaanza kusoma 10,000,000. Kiwanja kinachokatwa na ikweta kina namba mbili zisizopatana mpaka mtu achague gridi moja. Vioo vya kompyuta navyo vina ukwepaji wao: kitovu kiko kona ya juu kushoto na y inaongezeka ukishuka. Kijana anayejifunza kutengeneza michezo ya kompyuta huona mpira wake ukiruka kwenda chini na kudhani amekosea hesabu, kumbe mhimili ndio uliogeuzwa.

Bapa lina mwisho wa uhalali wake pia, kwa sababu dunia ni mviringo. Longitudo 179 na −179 zinaonekana kuwa ncha mbili za mstari, tofauti yake 358, ilhali mtu anayesafiri Pasifiki anazivuka kwa nyuzi 2 tu. Kiribati, nchi ya visiwa iliyotawanyika huko, ina ardhi katika robo zote nne. Sisi tuliokaa kati ya longitudo 12 na 42 hatuguswi na tatizo hilo, lakini anayeandika programu ya ndege au meli lazima alijue.

Hukumu yangu kuhusu ufundishaji ni kwamba kuanza na robo ya kwanza peke yake, kama vitabu vingi vinavyofanya, ni kosa la mpangilio. Mtoto akizoea bapa lenye kona moja, kitovu kwake kinakuwa ukuta wa mwisho, na hasi ikija baadaye inakuja kama mgeni anayevunja ukuta. Bora mihimili yote miwili ichorwe tangu siku ya kwanza, hata kama nukta za mwanzo ni nne tu, moja kwa kila robo. Tanzania ina sababu ya ziada: elimu ya msingi katika shule za serikali ni kwa Kiswahili, na sekondari masomo yanageukia Kiingereza. Mwanafunzi aliyekwisha kuielewa alama kama upande, kwa lugha anayoiota, atakuwa na jambo moja la kujifunza Kidato cha Kwanza badala ya mawili. Atlasi ya shule inatosha kwa kazi hiyo. Gharama nyingine hakuna.

Kwa anayekusanya majiranukta ya visima, zahanati au mashamba, ukaguzi wa kwanza hauhitaji programu. Tanzania yote iko kati ya latitudo −0.9 na −11.8, na kati ya longitudo 29 na 41. Rwanda na Burundi nazo ziko kusini ya ikweta nzima nzima. Latitudo chanya kwenye orodha ya nchi hizo tatu ni kosa, isahihishwe kabla ya kitu kingine. Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinakatwa na ikweta, na huko alama zote mbili za latitudo ni halali. Kosa la kistari halitajitokeza kwenye orodha, litaonekana pale tu nukta itakapowekwa kwenye ramani na mtu anayeijua sehemu hiyo akaitazama. Mwekeni mtu huyo kwenye kazi.